UZI: Makala za mgeni kwa kampuni za utalii – kinachopita Ujerumani, Uingereza, Marekani, China na kwingineko

#1 Dira ya Soko

Wakuu, habari za saa hizi.

Uzi huu ni wa wanaoendesha tovuti za kampuni za utalii Arusha, Moshi, Unguja na Mombasa, pamoja na vijana wanaowafanyia kazi za mtandao. Tunazungumzia makala za mgeni, au gesti posti kama wengi tulivyozoea kuziita. Unaandika makala, inachapishwa kwenye tovuti ya mwingine kwa jina lako, na ndani yake panakuwa na linki inayomleta msomaji kwako. Faida ni mbili: wasomaji ambao usingewafikia peke yako, na uzito ambao Google huipa tovuti inayotajwa na wengine.

Kosa linalojirudia ni kufunga kifurushi kimoja na kukisambaza dunia nzima. Barua pepe ileile na makala ileile ya "njia bora ya kupanda Kilimanjaro" anaipata Mjerumani, Mmarekani na Mfaransa. Kila mmoja anaikataa kwa sababu yake. Mjerumani anaona umevunja sheria kwa kule kumwandikia tu. Mwingereza anataka kujua kama kuna kilicholipwa. China, linki yako hata haibofyeki.

Kabla ya kuingia kwenye nchi, tuelewane kuhusu Google. Mwaka 2005 ilileta alama ya nofollow ili tovuti iweze kuweka linki bila kuipa uzito. Aprili 2012 ikaja algoriti ya Penguin, iliyozishusha tovuti zilizojijenga kwa linki za kununua na kupangwa. Januari 2014 Matt Cutts, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha kupambana na spamu, aliandika waziwazi kwamba anayetumia makala za mgeni kama njia ya kukusanya linki aache. Miezi miwili baadaye mtandao mmoja mkubwa wa kubadilishana makala ukaadhibiwa. Septemba 2019 zikaongezwa alama za sponsored (linki ya kulipiwa) na ugc (linki iliyowekwa na watumiaji wa tovuti). Machi 2024 ikatangazwa sera dhidi ya tovuti zenye heshima zinazokodisha kurasa zake kwa watu wa nje ili makala zao zipande kwa jina la mwenyeji; ilianza kutekelezwa Mei na kukazwa Novemba mwaka huohuo.

Makala ya mgeni yenyewe haijakatazwa. Kilichokatazwa ni linki ya kununuliwa kujifanya haikununuliwa, na makala zinazotengenezwa kwa wingi ili zibebe linki tu.

Leteni nchi mnazozijua, kwa undani.

---

#2 Mlango wa Hamburg

Naanza na Ujerumani kwa sababu huko ndiko watu wanakoumia bila kujua.

La kwanza ni barua pepe. Sheria yao ya ushindani usio wa haki, UWG, kifungu cha 7, inahesabu tangazo la barua pepe lililotumwa bila idhini ya awali kuwa usumbufu, na haijali kama unayemwandikia ni kampuni au mtu binafsi. Mahakama za huko zimelitafsiri neno "tangazo" kwa upana sana, hivyo ombi lako la kuweka makala yenye linki ya kampuni linaweza kuingia humo. Matokeo yake ni barua ya wakili inayoitwa Abmahnung: inakutaka usaini ahadi ya kutorudia, na ulipe gharama za wakili aliyekuandikia. Kwa hiyo usikusanye anwani 300 ukafyatua. Tafuta tovuti ambazo zenyewe zinakaribisha waandishi. Andika Google "Gastbeitrag" (makala ya mgeni) au "Gastautor werden" pamoja na "Tansania" au "Afrika Reisen", kisha tumia fomu au anwani waliyoiweka kwa ajili hiyo.

La pili ni tahajia. Mjerumani hatafuti "Kilimanjaro" peke yake. Anaandika pia "Kilimandscharo". Nchi yetu kwake ni "Tansania", Unguja na Pemba ni "Sansibar". Kimo cha mlima anakiandika 5.895 m, nukta mahali tunapoweka mkato. Makala iliyotafsiriwa na mashine huachia makosa hayo, na mhariri huyaona kwenye aya ya kwanza.

La tatu ni malipo. Kama kuna fedha au huduma iliyotolewa, juu kabisa pawe na neno "Anzeige", yaani tangazo. Usikimbilie Kiingereza: mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Shirikisho, BGH, iliamua kwamba maneno "sponsored by" hayakutosha kumweleza msomaji wa gazeti kwamba anachosoma kimelipiwa.

La nne, angalia kama tovuti ina ukurasa wa Impressum wenye jina, anwani halisi na njia ya kuwasiliana. Sheria inamtaka mwenye tovuti ya kibiashara awe nao. Tovuti ya Kijerumani isiyo na Impressum, au yenye Impressum ya kisanduku cha posta kwenye kisiwa cha mbali, mara nyingi ni ghala la linki. Iache.

---

#3 Kijana wa Sanawari

Shukrani wakuu. Swali langu ni la bei. Kuna wauzaji wanasambaza orodha ya tovuti 2,000 kwenye jedwali, kila moja na "DR 60", "DA 55", dola 40 hadi 150 kwa makala. Mabosi wetu wanaona hiyo ndiyo njia ya mkato. Nawaeleza nini?

---

#4 Mpima Maji

Kijana, waeleze kwanza kwamba DR ni kipimo cha kampuni ya Ahrefs na DA ni cha Moz. Google haitumii hata kimoja. Vyote viwili vinahesabu linki zinazoingia kwenye tovuti, na linki zinatengenezeka: mtu ananunua domeni ya zamani iliyokufa, anaielekeza kwenye tovuti yake, namba inapanda ndani ya wiki chache bila msomaji hata mmoja kuongezeka. Machi 2024 Google iliitaja waziwazi hii biashara ya domeni zilizokwisha muda kuwa spamu.

Ukiletewa tovuti, ipime hivi. Inachukua dakika 15.

Anza na mwelekeo wa wasomaji kutoka kwenye utafutaji kwa miezi 24. Usitazame namba, tazama umbo la mstari. Mstari uliopanda ukaanguka ghafla ukabaki chini ni tovuti iliyokwishashushwa. Kisha tazama nchi za wasomaji. Tovuti inayojiita ya wasafiri wa Uingereza halafu wasomaji wake wengi hawako Uingereza haikuletei mteja wa Uingereza.

Halafu ingia Google uandike `site:jinalatovuti.com casino`, kisha rudia kwa "betting", "crypto", "essay", "loan". Tovuti ya safari yenye makala 40 za kubeti imeshauza nafsi yake. Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu muuzaji anaweza kupamba namba zake lakini hawezi kuficha alichokichapisha.

Fungua makala kumi za karibuni. Kama kila moja ina mwandishi tofauti asiye na historia popote, na kila moja ina linki moja kwenda duka fulani katikati ya aya ya tatu, hapo hakuna mhariri. Mwisho angalia kama makala za mgeni zinaonekana kwenye menyu na kwenye kurasa za mada. Wauzaji wengi huzificha: ziko kwenye anwani yake tu, hakuna ukurasa wa ndani unaozielekea. Makala isiyoelekewa na ukurasa wowote wa ndani haifikiwi na msomaji, na Google nayo huiona haina maana kwa mwenye nyumba.

Kuhusu orodha yenyewe: orodha inayouzwa kwako imeuzwa kwa mamia. Kama wewe unaipata kwa dola chache, kikosi cha spamu cha Google nacho kinaipata. Tangu Desemba 2022 mfumo wao wa SpamBrain unatumika kugundua tovuti zinazonunua linki na zile zinazotumika kuzipitisha. Mara nyingi hauadhibu, unazifuta tu kwenye hesabu. Hapo bosi amelipa dola 4,000 na hakuna kilichotokea, kizuri wala kibaya, na anakaa mwaka mzima akidhani linki "bado hazijaiva".

---

#5 Bi Mhariri

Nashukuru kwa uzi huu. Naongezea Uingereza na Marekani, na nitakaa zaidi kwenye jambo ambalo kampuni za utalii hazilitambui kama malipo.

Safari ya bure ni malipo. Ukimwalika mwandishi wa blogu ya usafiri, ukampa siku nne Serengeti na chumba Nungwi, naye akaandika na kuweka linki, umelipia makala hiyo. Ndivyo wanavyoihesabu FTC (tume ya biashara) Marekani, ASA (wasimamizi wa matangazo) na CMA (mamlaka ya ushindani na masoko) Uingereza, na Google pia: linki inayotolewa kwa kubadilishana na bidhaa au huduma inapaswa kubeba `rel="sponsored"`, au angalau `nofollow`. Andika hilo kwenye makubaliano kabla mgeni hajapanda ndege. Mwandishi mzoefu atafurahi. Asiyetaka kuandika kwamba alialikwa atakuletea matatizo ambayo hutayaona ukiwa Arusha.

Uingereza, kumficha msomaji kwamba maudhui ya kihariri yamelipiwa kumeorodheshwa miongoni mwa vitendo vinavyokatazwa moja kwa moja. Tangu Aprili 2025, kwa sheria ya mwaka 2024 ya masoko ya kidijitali na walaji, CMA inaweza kutoza faini yenyewe bila kwenda mahakamani, hadi asilimia 10 ya mauzo ya kampuni duniani. Lebo wanayoipenda ni fupi: "Ad" au "Advertisement feature", na ikae juu, kabla msomaji hajaanza kusoma. Marekani FTC ilitoa tamko lake kuhusu matangazo yanayovaa sura ya habari Desemba 2015, na mwongozo wa mapendekezo ukafanyiwa marekebisho mwaka 2023. Msingi wake ni kwamba maelezo yaonekane bila msomaji kuyatafuta. Kuyaweka chini kabisa kwa herufi za kijivu hakuhesabiki.

Barua pepe nazo zinatofautiana. Marekani sheria ya CAN-SPAM ya 2003 inaruhusu kumwandikia mtu usiyemjua, mradi kichwa kisidanganye, pawe na anwani yako ya posta na njia ya kujiondoa. Uingereza unaweza kuiandikia kampuni, lakini mwanablogu anayefanya kazi kwa jina lake mwenyewe analindwa kama mtu binafsi. Kanada ni kali: sheria yao iliyoanza Julai 2014 inataka idhini, na faini kwa kampuni inafika dola za Kanada milioni 10.

Mtindo sasa. Mmarekani mwandikie futi 19,341, si mita peke yake, na joto la kileleni kwa Fahrenheit. Mwingereza mpe mita na tahajia yake. Wahariri wa Marekani wanapenda kichwa cha habari kinachoahidi jibu. Wa Uingereza wanakata kila sifa unayojipa. Sentensi kama "sisi ni kampuni bora ya safari Tanzania" ikiwemo, makala yote inarudishwa.

---

#6 Dira ya Soko

Bi Mhariri, hilo la safari ya bure liwekwe kwenye fremu ukutani.

Kwa Ufaransa niongeze machache. Kule soko la kununua makala limepangika, kuna majukwaa ambako unachagua tovuti na kulipa kwa kadi, na ndiyo maana tovuti nyingi za Kifaransa zimejaa makala za linki. Kipimo cha Mpima Maji kitumieni mara mbili. Sheria ya uchumi wa kidijitali ya 2004 inataka kila tangazo la mtandaoni litambulike kuwa tangazo na lionyeshe limetoka kwa nani. Tafuteni kwa "article invité" au "proposer un article". Tahajia yao ni "Kilimandjaro" na "Tanzanie", na Kifaransa hichohicho kinawafikia wasomaji wa Bujumbura, Lubumbashi na Montréal, ambao kampuni zetu zinawasahau kabisa.

---

#7 Upepo wa Kusi

Mashariki ya mbali inahitaji kichwa kingine kabisa.

China. Google haifunguki, kwa hiyo hesabu ya linki mliyoizoea haipo. Wachina wana neno lao la kale kwa makala za namna hii, ruanwen, yaani "maandishi laini", na zilitumika vibaya kiasi kwamba Baidu, injini yao ya utafutaji, ilitoa algoriti maalumu mwaka 2013: Februari dhidi ya wauza linki, Julai dhidi ya ruanwen zenye linki. Leo makala ya mgeni ina maana ukiiweka kwenye akaunti rasmi ya WeChat ya wakala wa usafiri au mwandishi mwenye wafuasi. Ndani ya makala ya WeChat linki ya kwenda tovuti ya nje haibofyeki kwenye maandishi. Kuna sehemu moja tu, "soma chanzo", chini kabisa. Kwa hiyo weka msimbo wa QR unaompeleka msomaji kwenye akaunti yako ya WeChat. Ukimpeleka kwenye tovuti iliyo kwenye seva ya Ulaya atasubiri mpaka achoke. Kanuni za matangazo ya intaneti zilizoanza Mei 1, 2023 zinataka neno la "tangazo" pale makala ya uzoefu au maarifa inapobeba linki ya kununulia.

Korea Kusini. Wasomaji wa safari wako Naver, injini ya utafutaji ya huko, hasa kwenye blogu za Naver zenyewe. Makala iliyo nje ya Naver haiwafikii kirahisi. Tume yao ya biashara ya haki ilibana matangazo yaliyofichwa mwaka 2020, na tangu Desemba 2024 maelezo ya kulipwa yanatakiwa yawe kwenye kichwa au mwanzoni mwa makala.

Japani. Oktoba 1, 2023 matangazo ya kificho yaliingizwa rasmi kwenye mambo yaliyokatazwa. Anayewajibika ni kampuni inayotangazwa, si mwandishi. Lebo ya kawaida ni "PR". Neno la kutafutia nafasi ni 寄稿, kiko. Wahariri wa Kijapani wanataka picha nyingi na maelezo ya saa kwa saa: basi linaondoka saa ngapi, choo kiko wapi, umbali gani kwa miguu.

Urusi. Watalii wao Zanzibar ni wengi, kwa hiyo msiruke. Yandex, injini yao ya utafutaji, ilileta algoriti ya Minusinsk Mei 2015 kuwashusha wanunuzi wa linki. Na tangu Septemba 1, 2022 tangazo la mtandaoni linalowalenga Warusi linatakiwa kusajiliwa na kubeba namba ya utambulisho inayoitwa erid. Makala yako ya kulipia isipokuwa nayo, mwenye tovuti ndiye wa kwanza kuulizwa, na wengi watakukatalia kwa sababu hiyo tu.

---

#8 Kijana wa Sanawari

Nimeelewa kuhusu nchi. Tatizo linalobaki ni la kuandika nini. Kila kampuni inapeleka "Machame au Lemosho", yaani upande Kilimanjaro kwa njia ipi. Wahariri wamechoka.

---

#9 Bi Mhariri

Wamechoka kweli, mwanangu. Mpe mhariri kitu ambacho mwandishi wake aliyekaa Leeds au Köln hawezi kukipata.

Chukua bima ya lazima ya Zanzibar. Ilianza Oktoba 1, 2024, dola 44 kwa mgeni mtu mzima. Swali la msomaji wa Ulaya ni moja: bima niliyokata nyumbani haitoshi? Haitoshi, hii inatakiwa hata kama anayo nyingine. Eleza inanunuliwa wapi, inaonyeshwa wapi, na familia ya watu wanne ijipangeje. Makala hiyo itasomwa mwaka mzima.

Au mizigo ya wapagazi. Mgeni anasoma kwamba ukomo ni kilo 20 kwa mpagazi na kwamba mizani iko getini, lakini haelewi hilo linamhusu vipi yeye anayefungasha begi lake Birmingham. Mweleze begi lake linatakiwa lisizidi kilo 15 na kwa nini. Au marufuku ya mifuko ya plastiki tangu Juni 1, 2019, mfuko gani unapita na upi unabaki uwanja wa ndege. Au barabara zinavyokuwa masika, Machi hadi Mei, mtaa kwa mtaa na hifadhi kwa hifadhi.

Kwa Wajerumani kuna mlango mwingine. Wanamjua Hans Meyer wa Leipzig aliyefika kileleni Oktoba 1889 na Ludwig Purtscheller. Wachache wanamjua Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kama kiongozi wa njia wa safari ile. Kampuni ya Moshi inayoweza kuandika vizuri juu ya Marangu, kwa picha zake yenyewe, haihitaji kumbembeleza mhariri.

Barua ya kuomba nafasi isizidi maneno 150. Sentensi ya kwanza itaje makala yao moja na pengo ulilogundua. Kisha vichwa vitatu unavyopendekeza, kila kimoja na mstari mmoja. Kisha linki mbili za maandishi yako yaliyokwisha kuchapishwa. Usiambatishe faili. Mkumbushe mara moja tu baada ya siku 7 hadi 10, kisha achana naye. Makala yenyewe maneno 1,200 hadi 1,800, picha nne au tano zenye upana wa pikseli 1,200, zako au zenye ruhusa ya maandishi. Wasifu maneno 50. Linki moja kwenye wasifu, na ndani ya makala moja kama kweli inamsaidia msomaji. Maneno ya kubofya yawe jina la kampuni au jina la ukurasa. Ukiandika "cheap Kilimanjaro climb" kwenye makala 20, umejiandikia hati ya mashtaka.

Usipeleke maandishi yaliyotemwa na mashine. Mhariri anayatambua kwa kukosa mambo: hakuna bei, hakuna saa, hakuna jina la mtaa.

---

#10 Fundi Waya

Kwanza barua isipofika yote haya ni bure. Domeni ya kampuni iwe na SPF na DKIM, na DMARC angalau kwa kiwango cha kuangalia tu; hizi ni rekodi zinazothibitisha kwamba barua kweli imetoka kwako. Tangu Februari 2024 Gmail inadai SPF au DKIM kwa kila mtumaji, na wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku wawe na zote tatu. Kampuni nyingi za Arusha zinatuma kutoka seva ya pamoja isiyo na hata moja, halafu wanalalamika kwamba Wazungu hawajibu.

Makala ikishatoka, fungua msimbo wa ukurasa ukague haya:

`<meta name="robots" content="noindex">` – ikiwepo, Google haitauweka ukurasa huo kwenye utafutaji. Kama mlilipana na makala imewekewa alama ya tangazo hilo linaweza kuwa sawa. Kama mlikubaliana vingine, uliza. Wengine huiweka kwenye vichwa vya seva kama `X-Robots-Tag`, ambayo haionekani ndani ya ukurasa, kwa hiyo tazama kwenye kichupo cha mtandao cha kivinjari.

`rel="canonical"` – alama inayoieleza Google anwani ya asili ya makala; iwe inaelekea anwani ya makala yenyewe. Ikielekea ukurasa wa mwanzo wa tovuti, makala yako inahesabiwa kuwa nakala tu.

Alama ya linki yako: ya kulipiwa iwe sponsored. Isiyolipiwa inaweza kuwa haina alama, na wahariri wengine huweka nofollow kwa kila linki ya nje. Msigombane nao. Tangu 2019 Google inaichukulia nofollow kama kidokezo, si amri, na msomaji anayebofya hajui alama hiyo ipo.

Kwa kupima, ongeza utm_source na utm_campaign kwenye linki (vipande vinavyoonyesha mgeni ametokea wapi), jina moja kwa kila nchi. Ipeleke kwenye ukurasa unaojibu makala. Makala ya bima imlete msomaji kwenye ukurasa wa Zanzibar, siyo ukurasa wa mwanzo. Miezi mitatu baadaye hesabu walioingia, waliotuma fomu, waliolipa. Piga picha ya skrini siku ya kutoka, na rudi kuangalia kila baada ya miezi sita, maana linki nyingi za kulipia hufutwa mwaka ukiisha bila taarifa.

---

#11 Nyota ya Pwani

Naomba kuuliza mawili. Makala ileile nikiiweka kwa Kiswahili kwenye tovuti yangu na kwa Kiingereza kwa mwenyeji, Google itaiita nakala? Na huku kwetu, Kenya na Tanzania, tuangalie nini?

---

#12 Dira ya Soko

Dada, tafsiri iliyofanywa na mtu na kuhaririwa si nakala. Tatizo ni makala ileile kwa lugha ileile sehemu mbili. Mwenyeji akiwa mkubwa kuliko wewe, yeye ndiye atakayeonekana, hata kama wewe uliandika kwanza. Ushauri wa Google tangu 2023 ni kwamba anayerudia makala aizuie isiingizwe kwenye utafutaji. Kutegemea canonical hakutoshi.

Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka watoa maudhui wawe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mwanzoni gharama zake zilipita shilingi milioni 2, baadaye kanuni zikabadilishwa. Kabla ya kumpa mtu makala ya kibiashara muulize kama anahitaji leseni na kama anayo. Kenya, malipo kwa mwenye maudhui ya kidijitali yanakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi na 20 kwa asiye mkazi tangu Sheria ya Fedha ya 2023, kwa hiyo ankara iandikwe ikionyesha kiasi kabla na baada ya makato. Ukimwacha mwenyeji agundue makato baada ya kupokea, makala yako ndiyo itakayofutwa.

---

#13 Kijana wa Sanawari

La mwisho wakuu. Kampuni iliyokwisha nunua linki 200 ifanye nini?

---

#14 Mpima Maji

Ingia Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, fungua sehemu ya hatua zilizochukuliwa kwa mkono. Kama hakuna kitu, acha kununua, na usiguse zana ya kukana linki, ile inayoiambia Google isizihesabu linki fulani; watu wengi wamejiondolea linki nzuri kwa hofu.

Kama kuna ujumbe wa linki zisizo za asili, pakua orodha ya linki kutoka humo humo. Panga kwa domeni. Tenga zilizonunuliwa, waandikie wenye tovuti waondoe au waweke sponsored, na utunze tarehe za barua na majibu. Wengine watadai fedha ili waondoe. Usilipe, weka tu kumbukumbu kwamba walidai. Zilizobaki ziweke kwenye faili ya maandishi ya UTF-8, kila mstari `domain:mfano.com`, isizidi mistari 100,000 wala megabaiti 2. Ipandishe kwenye zana ya kukana linki. Kisha tuma ombi la kufikiriwa upya: kilichofanyika, nani alifanya, kimeondolewa nini, kwa ushahidi wa jedwali. Ukificha kundi moja la linki, anayesoma ombi ataliona na utaanza upya.

Na adhabu ikiondolewa, usitarajie kurudi pale ulipokuwa. Sehemu ya nafasi ile ilikuwa imesimama juu ya linki ulizokwisha kuziondoa.